Mkonge wa Tanga: Tulihesabu Nini, Tuliacha Nini?

*Somo la historia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio*

Kiongozi wa kikundi, tazama kama kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri. Wenye madaftari wayafungue, maana leo tutakuwa na hesabu kidogo. Nawe unayelisoma somo hili katika karatasi, baada ya redio kufungwa, soma polepole. Ukifika penye hesabu, simama uifanye mwenyewe kwanza.

Somo la leo ni historia ya mkonge katika Tanga. Kila mtu aliyepita njia ya Muheza na Korogwe ameuona: mistari na mistari ya majani yenye miiba, mpaka macho yachoke. Mmea huu ulijenga miji, ukaleta watu kutoka mbali, ukaifanya nchi yetu kujulikana duniani. Halafu mali ile ikapungua upesi. Twataka kujua kwa nini. Na zaidi ya hapo twataka kujua jambo moja: je, mali ya nchi yaweza kukua bila kuwaacha watu nyuma, na bila kuichosha ardhi?

1. Kamba za wazee

Tuanze kabla ya mkonge wa kigeni. Watu wa pwani walikuwa na kamba zao. Palikuwa na mkonge wa porini, ambao wazee waliupigapiga wakatoa nyuzi zake. Na palikuwa na mnazi. Makumbi ya nazi yalifukiwa ufukoni mpaka yakaoza, kisha yakapondwa, yakatoka usumba, na usumba ukasokotwa kuwa kamba ya kufungia jahazi.

Sasa utazame mnazi vizuri. Tui lake ni mchuzi. Chicha ni chakula cha kuku. Kifuu ni upawa, ama ni moto wa jikoni. Makuti ni paa. Kumbi ni kamba. Mti ukizeeka, gogo lake ni boriti. Mtu wa pwani hakukaa darasani kufundishwa kuwa kitu kisitupwe. Alizaliwa akaikuta nyumba yote imejengwa kwa mnazi. Kumbukeni mnazi huu, maana tutaupima mkonge kwa kipimo chake.

Lakini tusiseme kwamba zamani kila jambo lilikuwa jema. Kando ya mto Pangani palikuwa na mashamba makubwa ya miwa, nayo yalilimwa na watumwa. Shamba kubwa linalomtajirisha mmoja kwa jasho la wengi halikuja na mkonge. Mkonge ulilikuta.

2. Miche sitini na miwili

Mkonge tunaoujua leo asili yake ni Mexico, katika nchi ya Yucatán. Huko kuna bandari ndogo iitwayo Sisal, na kwa jina la bandari hiyo Wazungu wakauita mmea huu sisal.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche ilipitia Hamburg, Ujerumani, ikapakiwa tena melini kuja huku. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ikafa njiani. Iliyosalia ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, katika shamba la kampuni ya Wajerumani. Katika miche hiyo 62 ndimo yalimoanzia mashamba makubwa ya mkonge wa Tanganyika.

Mkonge uliipenda nchi hii. Ulivumilia jua. Ukishakomaa, hutoa mti mrefu katikati kama mlingoti, na juu yake huota miche midogo maelfu. Kisha mmea wenyewe hufa. Kwa hiyo mwenye shamba hakukosa mbegu.

Lakini shamba hutaka ardhi, na ardhi ile ilitoka wapi? Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa fikiri. Mkulima wa Kibondei au wa Kizigua alilima kipande hiki miaka michache, akakiacha kipumzike, akaenda kingine. Kile kilichopumzika kilikuwa na mwenyewe, bali mgeni alikiona pori tupu. Kwa njia hiyo ardhi nyingi ya nchi tambarare iliingia katika mikono ya makampuni. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, na Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata reli. Kufika mwaka 1913 nchi ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 20,000 za nyuzi kwa mwaka.

Kiongozi, simamisha hapa kidogo. Waulize wenzako: katika kijiji chetu, ardhi iliyolala huitwa ya nani?

3. Manamba

Ardhi ilipatikana; wafanyakazi walikuwa shida. Watu wa karibu, Wabondei, Wadigo, Wasambaa, walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa ujira mdogo. Basi wenye mashamba wakawatafuta watu wa mbali. Wakaja Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde, na Warundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza, mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi, lakini desturi ya kazi haikubadilika sana. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandika wafanyakazi kutoka majimbo ya mbali, iliyojulikana kwa jina la SILABU.

Kila aliyeandikwa alipewa namba. Kwa sababu hiyo watu wakawaita manamba. Jina la mtu lilibaki kwao. Shambani alikuwa namba. Alipewa pia kipande, yaani karatasi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake, nafasi moja ilitiwa alama. Asipomaliza kazi aliyopimiwa, siku ile haikuhesabiwa hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Mpaka nafasi 30 zijae ndipo alipopata mshahara wa mwezi. Alilala kambini, akala posho.

Msidhani walikaa kimya. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa mashamba waliunda chama chao. Mmoja wa viongozi wake waliojulikana sana alikuwa Victor Mkello. Mwaka 1958 palikuwa na mgomo mkubwa katika shamba la Mazinde. Polepole mishahara ikapanda. Haki ile haikutoka kwa huruma ya mtu. Ilitafutwa na wenyewe.

Wakati ule mkonge ulikuwa na bei. Vita ya Korea, iliyoanza mwaka 1950, iliifanya kamba itafutwe sana duniani. Zaidi ya watu 100,000 walikuwa wakifanya kazi katika mkonge. Kufika mwaka 1964 nchi yetu ilitoa karibu tani 230,000, kuliko nchi nyingine yo yote duniani. Watu waliuita mkonge dhahabu ya kijani.

4. Kilo nne katika mia

Sasa twende kwenye korona. Korona ni mtambo wa kuchakata majani ya mkonge. Majani huingia upande mmoja, magurudumu yenye visu butu huyaponda na kuyakwaruza, na nyuzi, ziitwazo singa, hutoka upande wa pili. Singa huanikwa juani, hupigwa brashi, hufungwa robota, na huenda bandarini.

Andika katika daftari. Ukitia kilo 100 za majani katika korona, singa unazopata ni kilo 4. Zilizobaki ni kilo ngapi? Ni 96. Kwa hiyo kila kilo moja ya singa huacha kilo 24 za taka. Nchi ilipotoa tani 230,000 za singa, taka zake zilikuwa tani ngapi? Zidisha 230,000 kwa 24. Jibu ni tani 5,520,000, kwa mwaka mmoja tu. Sehemu kubwa ya taka hizo ni maji ya jani lenyewe, lakini hata hivyo ni mlima.

Mlima ule ulikwenda wapi? Korona hutumia maji mengi kusukumia taka. Maji yale machafu, yenye uchungu wa jani, yalielekezwa mabondeni na mitoni. Taka zikioza ndani ya maji, hula hewa ambayo samaki huivuta, na samaki hufa. Walio chini ya mto huchota maji yenye kunuka. Makapi mengine yalilundikwa karibu na korona, yakaoza huko. Tena, taka zikioza kwenye lundo hutoa gesi ambayo siku hizi twaambiwa na wataalamu kwamba huongeza joto la dunia.

Na ardhi je? Mkonge ni mvumilivu, kwa hiyo watu walidhani haumalizi ardhi. Mlingano, karibu na Muheza, palifunguliwa kituo cha utafiti wa mkonge katika miaka ya 1930. Watafiti wake walionyesha kwamba mkonge huchukua chokaa na potasi nyingi kutoka udongoni. Ukipandwa tena na tena mahali pamoja, bila kurudishiwa kitu, ardhi huchoka na majani hufupika. Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya chakula kile cha ardhi kilikuwamo katika kilo 96 zilizotupwa. Mbolea ya shamba ilikuwa ikipelekwa mtoni!

Msifikiri kwamba elimu haikuwapo. Wataalamu wa Amani na Mlingano walitengeneza mkonge wa namna mpya, uliopewa namba 11648, wenye majani mengi kuliko ule wa zamani. Mkonge huo hata Uchina waupanda. Kwa hiyo elimu ya kuzidisha singa ilitumika upesi. Elimu ya kurudisha taka shambani ilitumika kidogo, kwa sababu kubeba taka ni gharama, na mto haukudai ujira.

Pimeni sasa kwa mnazi wa wazee. Mnazi hautupwi kitu. Mkonge ulitumiwa kilo nne, zikatupwa tisini na sita.

5. Kamba ya plastiki

Wakati mashamba yalipokuwa yakifurahia bei, viwanda vya ng'ambo vilikuwa vikijifunza kutengeneza kamba kwa plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Kamba hiyo ilikuwa nyepesi, yenye nguvu, na rahisi kwa bei. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba ya mkonge, wakaanza kuiacha. Baada ya mwaka 1964 bei ya mkonge ilianguka vibaya.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge iwe mali ya umma. Nia ilikuwa njema: faida ya ardhi iwarudie wananchi. Lakini shamba lilichukuliwa wakati bei imeshuka, mitambo imezeeka, na ardhi imechoka. Mkonge hutaka miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kwa hiyo mwenye kuacha kupanda leo ataona hasara baadaye. Mwaka 1974 mafuta ya petroli yalikuwa ghali, plastiki ikapanda bei, na mkonge ukatafutwa tena. Lakini mashamba mengi hayakuwa na majani ya kutosha kuitumia bahati ile. Usimamizi ulikuwa dhaifu, na wafanyakazi wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Miaka ikapita. Katika miaka ya 1990 nchi haikutoa hata sehemu moja ya tano ya mkonge uliotolewa mwaka 1964. Mashamba yakaota magugu. Korona zikafanya kutu. Wazee waliokuja vijana kutoka Kigoma na Songea wakabaki katika kambi, hawana kazi, wala nauli, wala shamba la kulima.

6. Ardhi imelala, msitu walia

Hapa ndugu tusikilizane vizuri, maana watu wengi huliruka jambo hili.

Shamba la mkonge likifa, ardhi yake haifi. Hati yake hubaki. Kwa hiyo palikuwa na vijiji vilivyozungukwa na maelfu ya hekta za magugu, na wanavijiji hawana mahali pa kulima mahindi. Waliolima ndani ya shamba lililoachwa waliitwa wavamizi. Hawakuweza kupanda mnazi wala mchungwa, maana nani atapanda mti wa miaka mingi mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Walilima mahindi na mihogo, mwaka kwa mwaka, bila kuitunza ardhi, kwa kuwa haikuwa yao.

Wengine walitazama juu, milimani. Usambara ya Mashariki ina msitu wa miti na mimea ambayo mingine haipatikani mahali pengine po pote duniani. Katika msitu ule watu walifyeka miti midogo wakapanda iliki chini ya miti mikubwa. Iliki ina bei nzuri. Lakini baada ya miaka kadhaa hupungua nguvu, ndipo mkulima huangusha na ile miti mikubwa apande mazao mengine. Msitu ule ndio chanzo cha mto Zigi, na mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, ambamo mji wa Tanga hupata maji yake. Mwaka 1997 sehemu ya msitu huo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Je, mwaona jinsi mambo yanavyoshikana? Ardhi ya chini ikifungwa na wachache, watu hupanda mlimani. Mlima ukifyekwa, mto huchafuka. Mto ukichafuka, hata tajiri aliye mjini hufungua bomba akapata tope. Amri ya kulinda msitu peke yake haitoshi ikiwa mwenye njaa hana mahali pa kulima. Na kugawa ardhi peke yake hakutoshi ikiwa ardhi yenyewe imekwisha nguvu. Kumtendea mtu haki na kuitunza ardhi ni kazi moja yenye mikono miwili.

Katika miaka ya 2010 serikali ilifuta hati za baadhi ya mashamba makubwa yaliyotelekezwa mkoani Tanga, ili sehemu ya ardhi hiyo wapewe wananchi. Palipogawiwa, familia zilipata mahali pa kupanda miti ya miaka mingi, na mtu aliyepanda mchungwa wake hutia samadi.

7. Hale

Baada ya mashamba ya umma kuuzwa, kampuni ya Katani ilichukua mashamba kadhaa ya Tanga mwaka 1998. Mwaka 1999 ulianza mpango mpya: wakulima wadogo walipewa vipande ndani ya mashamba makubwa, wapande mkonge wao wenyewe, na korona ya kampuni iuchakate. Mashamba hayo yalikuwa Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi. Hapo kwanza mtu wa kawaida alikata jani kwa kipande. Sasa aliweza kulikata lililo lake.

Hayo yalikuwa maendeleo. Lakini mwenye jani asiye na korona bado yu chini ya mwenye korona. Jani likishakatwa halingoji. Lisipopelekwa mtamboni upesi hukauka na singa huharibika. Naye asiyejua mizani hawezi kujua haki yake. Kwa hiyo wakulima waliunda vyama vya ushirika, ili wazungumze bei na makato wakiwa kundi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu yangu unayejifunza kusoma na kuhesabu, neno hili ni lako. Kusoma karatasi ya mizani ni sehemu ya kilimo kama kushika panga.

Hapo Hale ndipo lilipofanyika jambo la pili. Mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kutengeneza umeme kwa taka za mkonge, wa kwanza wa namna yake duniani. Fedha na ufundi vilitoka kwa Katani, serikali, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na mfuko wa kimataifa wa mazao. Kazi yake ni hivi. Taka hazimwagwi, hutiwa ndani ya tangi kubwa lisiloingia hewa. Humo vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huzila taka, navyo hutoa gesi. Gesi huwasha injini, na injini huzalisha umeme. Kinachobaki tangini ni uji mzito, ambao ni mbolea ya kurudisha shambani.

Zile kilo 96 zikawa mali! Lakini tuseme kweli yote: mtambo ulikuwa mmoja, na korona zilikuwa nyingi. Kujua njia si sawa na kuifuata. Mtambo hutaka fedha za kuununua, fundi wa kuutunza, na mnunuzi wa umeme wake kwa bei ya haki.

8. Maswali matatu kwa mkonge mpya

Siku hizi mkonge unafufuliwa. Dunia imechoka na plastiki inayoziba mito na kuua samaki wa baharini. Nchi yetu yenyewe ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019. Kamba ya mkonge ikitupwa, huoza ikawa udongo. Singa hutumika katika mazulia, katika plasta za nyumba, na katika vyombo vya ndani ya magari. Serikali na Bodi ya Mkonge wanawahimiza wakulima wapande, ijapokuwa kufika mwaka 2023 nchi ilikuwa haijafikia hata nusu ya tani za mwaka 1964.

Wengine husema: wape wakulima wadogo mkonge, na shida zote zitakwisha. Tutazame Brazil. Nchi hiyo ndiyo iliyotupita ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mkonge wake mwingi hulimwa na wakulima wadogo katika nchi kavu ya Bahia. Lakini huko mashine ndogo za kuchakata zilizopelekwa mashambani zimewakata watu wengi vidole na mikono, maana hazikuwa na kinga. Kwa hiyo udogo wa shamba peke yake si haki. Afya ya anayeshika jani lazima iingie katika hesabu.

Basi kila mara mtu ajapo kijijini na habari ya mkonge, au zao lingine, au kiwanda, msimfukuze wala msimshangilie kabla ya kumwuliza maswali matatu.

La kwanza: ardhi ni ya nani, na itakuwa ya nani baada ya miaka 20?

La pili: anayefanya kazi atapata nini, na nani anashika mizani?

La tatu: taka zitakwenda wapi, na ardhi itarudishiwa nini?

Mwaka 1893 hakuna aliyewauliza watu wa Pangani maswali hayo. Mwaka 1964 hesabu ya tani ilikuwa kubwa, watu wakapiga makofi, maswali yakasahauliwa. Singa zilipimwa kilo kwa kilo. Mto haukupimwa, udongo haukupimwa, na manamba alipimwa kwa nafasi 30 za kipande. Hesabu iliyoacha mambo hayo ilionekana ya faida kwa miaka 70, kisha deni likadaiwa lote pamoja. Walioachiwa kulilipa ni wale wazee wa kambini na watoto wao.

Mkonge wenyewe hauna kosa. Ni mmea mvumilivu, wenye kuleta fedha mahali ambapo mahindi hukauka. Kosa lilikuwa la hesabu, na hesabu twaweza kuisahihisha. Ndiyo maana mko hapa na madaftari yenu.

Hapo ndipo somo letu linapoishia leo.

Maneno ya kujifunza

*Singa:* nyuzi za mkonge zilizotoka katika korona.
*Korona:* mtambo wa kuchakata majani ya mkonge.
*Manamba:* wafanyakazi walioandikwa kutoka mbali, kila mmoja kwa namba yake.
*Kipande:* karatasi ya kuhesabia siku za kazi.
*Hati:* karatasi ya serikali inayoonyesha mwenye haki ya ardhi.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini watu wa Tanga wenyewe hawakupenda kazi ya mashamba ya mkonge hapo mwanzo?
2. Mkulima ana kilo 500 za majani. Korona itampa kilo ngapi za singa? Taka zitakuwa kilo ngapi? (Majibu: 20 na 480.)
3. Tajeni zao moja la kijijini kwenu. Katika zao hilo, kitu gani hutupwa ambacho kingeweza kutumika?
4. Mkulima aliyepanda mahindi katika shamba lililoachwa, na mwenye hati aliyeliacha shamba hilo: zungumzeni haki ya kila mmoja, kisha semeni ninyi mngeamuaje.
5. Chagueni watu wawili katika kikundi. Mmoja awe mwenye kiwanda kipya, mmoja awe mwanakijiji. Mwanakijiji aulize maswali matatu ya somo hili, na wengine wapime majibu.